SIRI ILIYO KIGANJANI: NANI AISHIE DAKANI, NANI AINGIE NDANI?

Na Mwandishi Wetu

Msomaji, kabla hujaendelea, hebu ichukue simu yako ya mkononi ubonyeze *#06#, kama unayempigia mtu. Hutakatwa hata senti moja. Papo hapo kiooni patatokea safu ya tarakimu 15. Ukiona safu mbili usishtuke. Simu yako ni ya laini mbili, na kila upande una nambari yake.

Nambari hiyo huitwa IMEI. Wengi wetu tumeishi nayo miaka nenda miaka rudi. Tunalala nayo chini ya mto, tunaingia nayo sokoni na kazini, na hata siku moja hatujaitazama. Si nambari ya kupigiwa simu, wala si ile nambari ya siri ya kutolea pesa. Ni jina la simu yenyewe, kile chombo ulichokishika mkononi, na duniani kote haitakiwi kuwapo simu nyingine yenye jina hilo.

Jina hili lina tabia ya ung'ang'anizi. Utaitoa laini utie nyingine, IMEI itabaki. Utafuta picha, majina na ujumbe wote, simu irudi kama ilivyotoka kiwandani, IMEI itabaki. Utampa mwanao simu hiyo, naye amwuzie rafiki yake, IMEI itawafuata wote watatu.

Kwa mtu wa Lamu, mfano hauko mbali. Laini ni kama nahodha. Leo yuko katika chombo hiki, kesho atashuka aingie kingine. IMEI ni kama nambari iliyoandikwa ubavuni mwa chombo. Manahodha watabadilika lakini chombo ni kile kile, na mtu wa gatini mwenye daftari lake atajua kila mahali kilipotia nanga na kila mtu aliyekiendesha.

Hapo ndipo kilipo kiini cha makala haya. Nambari peke yake haina ubaya wowote. La kuuliza ni hili: daftari linaloiunganisha nambari hiyo na jina lako, na mahali ulipo saa hii, analiweka nani? Na ni nani anayeruhusiwa kulifungua?

TARAKIMU 15 ZINASEMA NINI?

Tarakimu 8 za mwanzo hutaja aina ya simu, yaani ni ya kampuni gani na ni toleo gani. Ugawaji wake husimamiwa na chama cha kimataifa cha kampuni za simu, GSMA, chenye makao yake makuu London. Tarakimu 6 zinazofuata ni za simu hiyo moja miongoni mwa ndugu zake waliotoka pamoja kiwandani. Tarakimu ya 15 ni ya kukagulia tu.

Wanafunzi mnaopenda hesabu mnaweza kuikagua wenyewe. Chukua 490154203237518, nambari inayotumiwa sana kama mfano wa kufundishia. Iweke kando ile 8 ya mwisho. Katika tarakimu 14 zilizobaki, zizidishe kwa 2 ile ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hadi ya 14. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe; 18 inakuwa 1 na 8, yaani 9. Kisha jumlisha tarakimu zote. Utapata 52. Ili ufike 60, kumi kamili inayofuata, unahitaji 8. Ndiyo ile tuliyoiweka kando.

Njia hii ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1960, nayo hutumika hata kwenye nambari za kadi za benki. Lakini msomaji, angalia jambo moja. Hesabu hii hugundua kosa la kuandika, haigundui uongo. Mhalifu aliyeijua anaweza kukaa chini akatunga IMEI yake inayokubali hesabu barabara. Jambo hilo liweke akilini, maana tutalirudia.

FAIDA YAKE IPO

Isidhaniwe kwamba IMEI iliwekwa ili kuwapeleleza watu. Mtandao wa simu unahitaji kukijua chombo kinachoomba kuingia, kama bawabu anavyohitaji kumjua abishaye hodi. Simu ikiibwa, mwenyewe akaripoti, kampuni inaweza kuitia nambari hiyo katika orodha ya zilizozuiwa. Mwizi akitia laini mpya, mlango umefungwa. Aidha, mpelelezi mwenye kibali anaweza kuuliza: ni laini gani iliyomo sasa ndani ya simu hii iliyoibwa? Wezi wengi wamekamatwa kwa njia hiyo, wakidhani kuitupa laini ya mwenyewe kumefuta kila kitu.

Kuna pia suala la simu bandia. Mwisho wa mwezi wa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya, CCK, iliamuru simu bandia zizimwe nchini. Kabla ya siku hiyo wananchi walitakiwa kutuma IMEI zao kwa ujumbe mfupi kwenda nambari 1555 ili wajue kama simu ni halali. Zaidi ya simu milioni moja zilinyamaza. Tanzania nayo ilifanya hivyo hivyo tarehe 16 Juni 2016, chini ya mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, na huko watu walituma IMEI zao kwenda 15090.

Simu nyingi za bandia zilikuwa na IMEI za kubuni, au nambari moja iliyopigwa muhuri kwenye maelfu ya simu. Basi serikali zilikuwa na hoja. Lakini aliyeumia zaidi si mfanyabiashara aliyeziingiza nchini. Ni mama muuza samaki aliyeinunua simu hiyo kwa jasho lake, bila kujua kwamba kuna simu halali na simu haramu, akaamka asubuhi akaikuta haina uhai. Huo ulikuwa mfano wa kwanza kwetu wa nguvu ya nambari hii: aliye na daftari anaweza kuikata sauti yako kutoka mbali, bila kukujua na bila kukuuliza.

MNARA UNA KUMBUKUMBU

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Kila unapopiga simu au kutuma ujumbe, kampuni hubaki na kumbukumbu. Ndani yake mna nambari yako na ya uliyempigia, saa, muda mliozungumza, IMEI ya simu uliyoitumia, na mnara uliokuhudumia. Maneno mliyosema hayamo. Lakini msomaji, fikiri mwenyewe. Mtu akijua ulimpigia nani saa nane za usiku, mara ngapi, na ulikuwa upande gani, anahitaji maneno gani tena?

Isitoshe, nchini Kenya laini haiuzwi tena kama njugu. Kanuni zinataka kila laini iandikishwe kwa jina na kitambulisho cha mwenyewe, na wengi wetu tunazikumbuka foleni za mwaka 2022 za kuandikisha upya. Laini ina jina lako. Laini imo ndani ya simu. Simu ina IMEI. IMEI imeonekana chini ya mnara. Mnyororo umekamilika.

Mnyororo huo hauchagui mwizi na mwema. Chukulia mke aliyemkimbia mume mpigaji. Amenunua laini mpya ili asipatikane, lakini ameitia ndani ya simu ile ile. Kwa mwenye kumbukumbu za kampuni, au mwenye rafiki ndani ya ofisi hiyo, amebadilisha shela tu. Mwendo ni ule ule. Ndivyo ilivyo pia kwa mfanyakazi anayetaka kufichua wizi wa mali ya umma, na kwa mgonjwa ambaye hataki mtaa mzima ujue anakwenda kliniki ipi.

LAMU, MAHALI AMBAPO SIMU HURITHIWA

Kwa nini Lamu? Kwa sababu visiwani humo mambo haya yanaonekana wazi kuliko Nairobi.

Kwanza, simu huko hupita mikono mingi. Jamaa aliye Muscat au Dubai hutuma simu kwa mdogo wake. Mdogo akipata mpya, ya zamani humpa mama. Mama akiona kioo chake kimepasuka, humwachia fundi wa Langoni kama malipo. Fundi huitengeneza na kumwuzia mvuvi wa Kizingitini au kijana wa boda boda wa Mokowe. Risiti hakuna. Ni neno la mtu na salamu za nyumbani. Na kijana ambaye kitambulisho chake hakijatoka hutumia laini iliyoandikwa kwa jina la mama au la shangazi.

Ni utaratibu wa kiungwana na wa kusaidiana. Lakini daftari la IMEI haliujui. Daftari linajua kwamba simu fulani, mwezi fulani, ilikuwa na laini ya fulani. Kama mmoja kati ya watu watano walioishika alikuwa mhalifu, wanne waliobaki watahitaji kueleza. Na wataeleza kwa nini, ilhali hawana hata karatasi?

Pili, Lamu ni mahali ambapo shaka ina uzito. Juni 2014 wauaji walivamia Mpeketoni, na zaidi ya watu 60 wakauawa hapo na katika vijiji vya jirani. Amri ya kutotoka nje usiku ikafuata, na mwaka 2015 serikali ikaanzisha operesheni ya kijeshi katika msitu wa Boni. Hakuna mwenye akili timamu anayeweza kusema kwamba wapelelezi wasitafute simu za wauaji wa namna hiyo. Ni wajibu wao. Familia za Mpeketoni zilizopoteza wapendwa wao zina haki ya kuona wahalifu wakisakwa kwa kila chombo cha halali. Lakini mahali kama hapo, kosa dogo la daftari linaweza kumlaza mtu mwema mahabusu.

Tatu, kuna bahari. Mnara wa kawaida wa GSM mahali palipo wazi unaweza kufika umbali wa hadi kilomita 35, na bahari ndiyo uwazi wenyewe. Katikati ya Nairobi minara imesongamana, na kujua mnara ni karibu kuujua mtaa. Visiwani, mnara mmoja unaweza kuhudumia kijiji, mkondo wa mikoko, na wavuvi walio mbali kwenye maji. Kumbukumbu itasema simu mbili zilikuwa chini ya mnara mmoja usiku mmoja. Haitasema kwamba mmoja alikuwa akivua na mwingine alikuwa kilomita 20 kutoka hapo akipanga maovu. Asiyejua jiografia ya Pate na Kiwayu anaweza kusoma karatasi hiyo akiwa ofisini mbali na pwani, akaona watu wawili walikuwa pamoja.

Juu ya hayo, kuna ile hatari ya nambari za kughushi niliyokuomba uiweke akilini. Juni 2020, polisi wa mji wa Meerut nchini India walitangaza kwamba waligundua simu zaidi ya 13,000 zikitumia IMEI moja. Hebu fikiri. Mmoja kati ya hao 13,000 akifanya uhalifu, nambari ya simu yake ni nambari ya simu yako. IMEI ni dalili nzuri ya kuanzia upelelezi. Ushahidi wa kummaliza mtu haiwezi kuwa peke yake.

SOMO LA NYUMBA YA KIAMU

Wapo watakaosema, "Mimi sina cha kuficha. Nani ataipekua simu yangu?" Kwa hao, ningewaalika waizuru nyumba ya mawe ya Lamu, mji wa kale uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Ukitoka njia kuu na kufika mlangoni, kwanza unakutana na daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo ndipo wageni wa kawaida na wenye biashara huketi na kunywa kahawa. Ukikaribishwa zaidi, unapita kwenye kijia kinachopinda kwa makusudi, ili apitaye nje asiweze kutupa jicho hadi uani. Kisha kuna kiwanda, yaani ua wa wazi. Mbele yake ni misana, na mwisho kabisa ni ndani, chumba cha wenyewe. Na baina ya nyumba na nyumba, juu ya kichochoro, mna wikio, chumba kilichovuka njia kama daraja, ambamo wanawake waliweza kutembeleana bila kushuka barabarani.

Je, waliojenga nyumba hizo walikuwa wahalifu wenye cha kuficha? La hasha. Walikuwa wakarimu mashuhuri. Walijua tu kwamba ukarimu na stara vinakwenda pamoja, na kwamba kila mgeni ana mahali pake pa kuishia. Muuza maji alijulikana, na hakuna aliyemnyima salamu, lakini hakuingia chumba cha kulala kwa sababu ya kuleta maji.

Ndivyo inavyopasa kuwa kwa IMEI. Kampuni ya simu inaihitaji ili ikuhudumie. Na iketi dakani. Afisa wa forodha anataka kujua kama bidhaa imelipiwa ushuru. Naye aishie dakani, kwa maana bidhaa na mwenye bidhaa ni mambo mawili. Mpelelezi anayemsaka muuaji anaweza kuingia ndani, lakini abishe hodi, na ufunguo wake uwe ni amri ya mahakama. Hatari inakuja pale aliyekaribishwa dakani anapojifungulia milango mingine mwenyewe.

KESI ZILIZOFIKA MAHAKAMANI

Mpaka huo baina ya daka na ndani umegombewa katika mahakama za Nairobi kwa miaka mingi, ingawa wanasheria hawakuuita kwa majina hayo.

Januari 2017 Mamlaka ya Mawasiliano, iliyochukua nafasi ya ile tume ya CCK, iliziandikia kampuni za simu kutaka kuunganisha kwenye mitandao yao mfumo wa kusimamia vyombo vya simu. Mamlaka ilisema lengo ni kuzitambua simu bandia na za wizi. Mwanaharakati Okiya Omtatah, ambaye tangu 2022 ni seneta wa Busia, alikwenda mahakamani. Hofu ilikuwa moja: mfumo ukishaingia ndani ya mtandao, ni nini kitauzuia kusoma pia kumbukumbu za nani kampigia nani?

Aprili 2018 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alikubaliana na walalamishi. Alisema mpango huo ulitishia haki ya faragha na kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Aprili 2020 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha hukumu hiyo, ikaitaka Mamlaka iendelee na mashauriano na kuwashirikisha wananchi. Chama cha Mawakili wa Kenya kikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2023 rufaa yake ikatupwa.

Jambo halikuishia hapo. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa ilani nyingine, na Novemba mwaka huo Mamlaka ya Ushuru, KRA, ikatoa yake. Kuanzia Januari 1, 2025, waagizaji na waundaji wa simu walitakiwa kuwasilisha IMEI za simu zao kwa watoza ushuru, na kampuni za simu zisiunganishe simu ambayo ushuru wake haujathibitishwa. Abiria waingiao nchini nao walitakiwa kuandika IMEI za simu zao kwenye fomu ya forodha. Simu zilizokuwa tayari mtandaoni hadi Oktoba 31, 2024 hazikuguswa.

Tia maanani maana yake kwa yule jamaa wa Muscat mwenye zawadi ya mdogo wake. Anaandika jina lake, nambari ya pasipoti na IMEI ya simu katika karatasi moja, mikononi mwa ofisi ya ushuru. Simu itatua Lamu, itie laini ya kijana, na daftari limepata sura mpya: nani ni jamaa wa nani, nani hupelekewa na nani.

Taasisi ya Katiba ilizipinga ilani hizo, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba zinakiuka Katiba. Usilisome hilo kama ushindi wa wakwepa ushuru. Serikali ina haki ya kudai ushuru wa simu kama inavyodai wa sukari na magari. Lakini njia ya kukusanya haki hiyo lazima ipitie kwenye sheria iliyotungwa na kujadiliwa, si kwenye tangazo la ukurasa mmoja.

SHERIA INAKUPA NINI?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Kinakataza habari za familia yako au za maisha yako binafsi kudaiwa au kufichuliwa bila sababu, na kinakataza mawasiliano yako kuingiliwa. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, na Novemba 2020 Immaculate Kassait akawa Kamishna wa Data wa kwanza. Sheria hiyo inamtambua mtu si kwa jina tu, bali pia kwa nambari za utambulisho na habari za mahali alipo. Kwa hivyo IMEI iliyounganishwa na wewe si nambari tupu.

Chini ya sheria hiyo unaweza kuuliza habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, kupinga matumizi yake, na kutaka zilizo za uongo zirekebishwe au zifutwe. Ukimlalamikia Kamishna, uchunguzi unatakiwa ukamilike ndani ya siku 90. Haki hizi si za karatasini pekee. Septemba 2023 ofisi hiyo ilimtoza faini ya shilingi 2,975,000 mkopeshaji wa mtandaoni, kampuni ya Mulla Pride, kwa kutumia vibaya habari za watu.

Hata hivyo, pana mlango wa nyuma. Sheria hiyo hiyo inatoa msamaha pale ambapo habari zinahitajika kwa usalama wa taifa. Kwa mkaazi wa Lamu, maneno hayo mawili si ya kupita juu juu. Yakitumiwa kwa haki yanamlinda. Yakitumiwa kwa uvivu yanaweza kumeza kila haki tuliyoitaja. Ndiyo maana amri ya mahakama, yenye jina la mtu, sababu na mwisho wake, ni muhimu huko kuliko mahali pengine popote.

NA WAUZA BIASHARA JE?

Usidhani serikali peke yake ndiyo inayoipenda nambari hii. Zamani programu nyingi za simu zilikuwa zikiichukua kimya kimya ili kukufuata kutoka biashara moja hadi nyingine. Apple iliacha kupokea programu zinazotumia nambari ya kudumu ya vyombo vyake Mei 2013, na toleo la 10 la Android, la mwaka 2019, likazifungia programu za kawaida zisisome IMEI. Badala yake wenye matangazo hutumia nambari nyingine ambayo wewe mwenyewe unaweza kuifuta au kuizuia katika mipangilio ya simu. Simu kongwe zenye Android ya kabla ya hapo, na hizo ndizo hurithiwa vijijini, hazina kinga hiyo kamili.

Kuna pia simu za kulipia kidogo kidogo. Muuzaji huiandikisha nambari ya chombo, na usipolipa kwa wakati huifunga kutoka mbali. Biashara hiyo imewasaidia wengi kumiliki simu nzuri, lakini soma mkataba kabla hujatia kidole.

FANYA HAYA LEO

Tahadhari kabla ya athari, wahenga walinena. Familia inaweza kujikinga kwa mambo machache yasiyo na gharama.

Kwanza, andikeni IMEI za simu zote za nyumbani katika daftari, na mliweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Simu ikishaibwa ni vigumu kuipata nambari hiyo kama sanduku lake lilitupwa.

Pili, simu ikiibwa, iambie kampuni iifunge laini mara moja ili pesa zako zisiguswe. Kisha nenda kituo cha polisi ukaandikishe pamoja na IMEI, uchukue nambari ya kitabu cha matukio. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema simu haikuwa mikononi mwako tena tangu siku fulani.

Tatu, ukinunua simu iliyotumika, bonyeza *#06# mbele ya muuzaji ulinganishe na nambari iliyo kwenye sanduku. Zikitofautiana, mrudishie kwa heshima uende zako. Zikilingana, andikeni karatasi fupi: tarehe, IMEI, bei, majina na sahihi zenu. Fanya hivyo hata anayekuuzia akiwa binamu yako. Hakuna kuvunjiana heshima. Hata nikahi huandikwa.

Nne, ukiuza au kumpa mtu simu, ondoa akaunti zako na laini zako, na weka nakala ya karatasi hiyo.

Tano, usikubali fundi akubadilishie IMEI, hata kama anaahidi kuifungua simu iliyozuiwa. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya inalifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai. Na usimtajie IMEI yako mtu aliyekupigia akidai anatoka kampuni ya simu, wala usiipige picha ya sanduku lake ukaibandika mtandaoni.

Sita, mwenye ofisi au duka akikudai IMEI, muulize maswali matatu: kwa sheria gani, kwa kazi gani, na itafutwa lini? Aulizaye hivyo hajawa mkorofi. Anafanya kile ambacho kila mwenye nyumba hufanya hodi inapobishwa: anauliza ni nani, na anataka nini.

Wabunge wetu nao wana kazi yao. Nchi inahitaji sheria iliyo wazi ya nambari hizi, itakayotaja nani aweke daftari, kwa muda gani, nani alikague, na fidia ipi apewe mwananchi aliyetiwa hatiani na nambari ya kughushi au simu ya mkono wa tano. Rasimu ya sheria kama hiyo ijapo, isiishie kujadiliwa katika hoteli za Nairobi. Ipelekwe Lamu, Faza na Kizingitini, isomwe kwa Kiswahili, na mvuvi apewe nafasi ya kueleza jinsi mnara mmoja unavyoweza kumweka pamoja na mtu asiyemjua.